INJINI YA LISTER D
Dursley, Uingereza • Ilianza kuundwa 1926

Injini hii ya petroli, yenye silinda moja, ina nguvu ya farasi 1.5 kwa mizunguko 700 kwa dakika. Haina betri: huwashwa kwa hendeli, na magneto hutoa cheche. Maji yanayoizunguka silinda huipoza. Kwa mkanda, iliendesha pampu za maji na mashine za kukamulia ng'ombe.

Umeme ulipofika mashambani, injini nyingi kama hii ziliachwa zikashika kutu. Leo wapenzi wa mashine huzifufua nyumbani: huloweka pistoni iliyoganda, husaga valvu, hubadilisha ringi.

Imehifadhiwa kwa kuwa mtu mwenye spana chache anaweza kuifungua na kuielewa yote.

Usiguse gurudumu linapozunguka.