Somo na Mafunzo ya Unyumba Kisiwani Pemba

Wahenga walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hata hivyo, yako mambo ambayo mama wa Kiswahili hakumfunza bintiye kwa kinywa chake, kwani haya ilimzuia. Mambo hayo ni ya unyumba, na kwa ajili yake jamii ilimweka mtu maalumu, naye ni somo, au kungwi.

Mwari alipovunja ungo alikabidhiwa somo wake. Kwake alijifunza kuzijua siku zake, usafi wa mwili, kujifukiza udi, na namna ya kusema na mume. Tena palikuwa na lugha isiyohitaji ulimi. Rangi ya ushanga ilimjulisha mume hali ya mkewe, na jina la kanga lilipeleka shukrani au lawama. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alizieleza mila za namna hii katika kitabu cha Desturi za Waswahili, kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Huko Unguja, ngoma za unyago zilizotoka kwa watu wa bara zilipata sifa hata ng'ambo kwa sauti ya Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013. Basi asidhani mtu kwamba wazee wetu hawakuwa na elimu ya jambo hili. Walikuwa nayo, na waliipa mahali pake na wakati wake.

Lakini yatupasa kusema kweli. Elimu hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, mzigo wote alitwikwa mwanamke. Mwana Kupona binti Msham, alipomtungia bintiye utendi wake mashuhuri mwaka 1858, alimuusia namna ya kumridhi mume. Hatujui utendi wa sifa kama hiyo ambao baba alimtungia mwanawe wa kiume kumfunza namna ya kumridhi mke. Kijana aliachwa ajifunze barazani kwa wenziwe, ambao nao hawakujua. Hali dini yenyewe, katika sura ya Ar-Rum, imetaja mapenzi na huruma baina ya mume na mke, wala haikumwekea huruma mmoja wao peke yake. Kasoro ya pili ni kwamba mke alifunzwa kustahi na kustahamili, hata pale ambapo kunyamaza kulimdhuru.

Kimya hicho kiligeuka hatari mwaka 1986, wagonjwa wa kwanza wa ukimwi walipogunduliwa Zanzibar. Tuchukue mfano wa Kisiwa Panza, kisiwa kidogo kilichoko kusini mwa Pemba katika Wilaya ya Mkoani. Mahali kama hapo watu wote hujuana. Ujirani huo ni neema wakati wa harusi na wa msiba, lakini mwenye maradhi ya siri huuogopa. Tena wavuvi wa Pemba wana desturi ya kwenda dago, wakakaa mbali na wake zao kwa muda mrefu. Mume arejeapo, je, mke anaweza kumwambia, "Twende sote tukapimwe"? Na mume, je, ataweza kulisikia neno hilo bila ya kulihesabu kuwa ni tusi? Hapo ndipo unyumba unapopimwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na katika ndoa humuumbua pamoja na asiye na kosa.

Hatusemi kwamba mila ya somo itupwe. Tunasema ipanuliwe. Kijana wa kiume naye apate somo wake, mtu mzima mwenye heshima, atakayemfunza kwamba mke ana haki ya kuulizwa, ya kukataa na ya kusikilizwa. Binti aambiwe kwamba subira ni tunu, lakini haiponyi maradhi, wala haihalalishi kipigo. Tena asiharakishwe, kwani Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamhesabu kuwa ni mtoto kila aliye chini ya miaka 18.

Mwalimu asomaye makala haya huenda akaona haya kuyasema mbele ya wanafunzi. Akumbuke kwamba somo wa zamani naye alikuwa mtu mwenye haya, na alisema kwa sababu alijua kuwa akinyamaza yeye, ulimwengu hautanyamaza.