Umeme wa Land Rover kuukuu: Kubadili au kuacha?

Land Rover za miaka ya 1950 na 1960 ziliundwa na dinamo, ambayo huzalisha umeme haba injini inapozunguka polepole. Katika barabara za tope za Garsen, Mto Tana unapofurika, gari huenda kwa gia ya kwanza, taa zikiwaka, hata betri ikaishiwa nguvu njiani. Altaneta huondoa kasoro hiyo.

Hata hivyo, katika magari mengi ya kabla ya 1967, ncha chanya ya betri hufungwa kwenye bodi. Isipogeuzwa, altaneta ya kawaida huungua. Nyaya zilizochakaa nazo sharti zibadilishwe kwanza, kwani mkondo mkubwa waweza kuzusha moto. Gari la safari za mchana laweza kubaki na dinamo yake.