Kuhama chombo bila kupoteza historia: mfano wa DHIS2

Kuna historia moja ya mambo ya informatiki ambayo inatugusa hata huku Bunyakiri. Kila mwezi vituo vya afya vya zoni yetu vinahesabu malaria, chanjo na uzazi, kisha hesabu zinaingizwa ndani ya DHIS2, programu ambayo Wizara ya Afya ya Congo inatumia. Kazi yake ilianzia Afrika Kusini baada ya 1994, na leo inaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo.

Programu ya namna hii inaandikwa na watu wengi walio mbali-mbali. Ili wasiharibiane kazi, wanatumia chombo cha kutunza historia ya kode: nani alibadilisha mstari gani, lini, na namna ya kurudi nyuma. DHIS2 ilitumia Bazaar, chombo cha Canonical, kampuni ya Ubuntu. Mwaka 2016 wakahamia Git.

Je, ilifaa? Bazaar haikuwa mbaya. Sawa na Git, iliruhusu mtu kufanya kazi bila koneksio, na sisi tunajua bei ya mega. Lakini baada ya 2012 kazi ya kuitengeneza ilipungua sana, na vijana wengi walikuwa wanajifunza Git. Mradi unaobaki na chombo ambacho watu wameacha unajifungia mlango.

Git nayo ilizaliwa na mugogoro. Toka 2002 Linux ilitumia BitKeeper, mali ya kampuni, bure lakini kwa masharti. Mwaka 2005 kampuni ikaondoa ile ruhusa ya bure, na mwezi wa 4 Linus Torvalds akaanza kuandika Git. Siku ya kuhama, historia ya zamani haikuingizwa. Walianzia toleo 2.6.12-rc2. Anayetaka kujua sababu ya mstari wa 2003 anaitafuta pengine.

Hapo njo kuna hatari. Kama namna ya kuhesabu asilimia ya chanjo imebadilishwa ndani ya programu, lazima mtu aweze kuonyesha lini na kwa nini. La sivyo, zoni inaweza kuonekana imeshuka, kumbe watoto wamechanjwa.

Sisi wa agronomia tunajua hili. Mukulima anabadilisha mbegu ya muhogo kwa sababu ya mozaiki, lakini hasahau shamba: wapi maji yanasimama, wapi udongo umechoka.

Kwa hiyo mimi naona sababu mbili tu za kuhama: mwenye chombo anaweza kukufungia, ao watu wa kukitumia wamekwisha. Kufuata mtindo si sababu. Na ukihama, beba historia yote.

Kode ya DHIS2 iko wazi, kila mutu anaweza kuisoma. Wenzetu wa informatiki, ninyi munasemaje?