Mwana Manga: Sifa za Uzuri kama Ushahidi wa Historia

Miongoni mwa nyimbo ambazo mapokeo humnasibishia Fumo Liyongo, shujaa wa Pwani ya kaskazini mwa Kenya, umo Utumbuizo wa Mwana Manga. Unamsifu mwanamke kiungo kwa kiungo, kuanzia kichwani kushuka chini. Swali la kwanza la wasomaji huwa ni hili: alikuwa nani? Kwangu swali hilo halifiki mbali. “Mwana” ni jina la heshima la bibi mwungwana, na “Manga” ni Uarabuni. Tumepewa daraja lake na asili anayohusishwa nayo, basi.

Hata zama za Liyongo zina utata. Wataalamu wanapishana kwa karne kadhaa. Edward Steere alichapisha habari zake London mwaka 1870, na utendi mashuhuri wa Muhamadi Kijumwa kuhusu maisha yake ni wa 1913. Kabla ya hapo nyimbo zilipita midomoni mwa watu wengi. Anayeutumia utumbuizo huu kumchora mwanamke halisi wa karne fulani anajichosha bure.

Wanaoonekana wazi zaidi ni wasikilizaji. Utumbuizo uliimbwa mbele ya watu, na nyimbo za Liyongo zinahusishwa na gungu, ngoma ya karamu za waungwana. Mwimbaji alihitaji sifa ambazo hadhira ingezikubali papo hapo. Utaratibu wa kusifu kutoka kichwani kwenda chini unajulikana pia katika ushairi wa Kiarabu, kwa hiyo hapa tunakutana na watu wa mjini waliozoea mambo ya ng’ambo na kuyaimba kwa lugha yao. Kwetu Rwanda msichana mzuri husifiwa kuwa ana “amaso y’inyana”, macho ya ndama. Sifa hiyo haituambii macho yake yalikuwaje. Inatuambia ng’ombe alikuwa na thamani gani kwa wanaosifu.

Jambo hili lina uzito wake hapa Nengo. Kiswahili tunachokisikia kila siku ni cha mpakani na Goma, cha bei na mizigo, na katika Kinyarwanda kumwita mtu “umuswahili” mara nyingi ni kumwita mjanja asiyeaminika. Kiswahili kikawa lugha rasmi mwaka 2017, lakini dhana hiyo haikufutwa na sheria. Tukianza kukisoma kwa Mwana Manga badala ya sokoni, tunakuta lugha iliyokuwa na adabu zake za kusifu.

Hata hivyo, katika wimbo huu bibi ni wa kutazamwa. Kumsikia mwanamke mwenyewe inabidi twende kwa Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858. Naye anaugusa uzuri, ila kama kazi: kujipamba, kujitia manukato na kutunza nywele, siku baada ya siku, ili mume aridhike.