Papasi wa Nyikani na Nasaba Yake

Katika nchi ya Takaba, magharibi ya Mandera, ambako mvua ni haba na kivuli cha mgunga ni neema kubwa adhuhuri, mfugaji wa ngamia aliyekwisha kupata maarifa hautazami mti kwa matawi yake tu, bali huukagua na mchanga ulio chini yake; kwani mahali walipopiga magoti ngamia wa wenziwe ndipo aghalabu walipojifukia papasi, wenye ngozi ngumu ya makunyanzi, wasiotoka mpaka wahisi joto na pumzi ya mnyama. Papasi hunyonya kwa muda mfupi, pengine nusu saa, kisha hujiangusha na kurejea mchangani kabla ngamia hajainuka. Kuhama, ambako huwanyima riziki kupe wengi, hakumdhuru sana huyu, kwa kuwa aliyekomaa huweza kustahimili njaa kwa miaka.

Nduguye, papasi wa nyumbani aletaye homa ya papasi, hukaa katika nyufa za nyumba za udongo, naye hana macho. Huyu wa nyikani ana jozi mbili za macho, ingawa maisha yake mengi huyapitisha gizani. Ajabu ni kwamba jina lake la kitaalamu limetokana na Savigny, Mfaransa aliyefuatana na jeshi la Napoleon kwenda Misri mwaka 1798, akachora viumbe wadogo kwa ufundi usio na mfano, hata macho yake yakaharibika, ikambidi mtaalamu mwingine, Audouin, aziandikie picha zile maelezo, yaliyotoka mwaka 1826.

Amma jamaa ya papasi ilichukua muda kutambulikana. Linnaeus, katika toleo la mwaka 1758 la kitabu chake cha kupanga viumbe, aliwatia buibui, nge na utitiri, ambao kupe ni wa jamaa yao, katika fungu moja na wadudu wasio na mbawa. Mtaalamu Lamarck ndiye aliyewatenga mwaka 1801 wakawa na tabaka lao. Alama yao ni miguu minane, mwili usio na papasio za kichwani, na jozi ya viungo mbele ya mdomo. Walakini kupe mchanga huanguliwa na miguu sita, na anayehesabu kwa haraka hughafilika. Mfugaji huwapanga kwa makazi, huyu wa mchangani, yule wa sikioni, na kwa haja yake mpango huo una faida kuliko wa Lamarck.

Ama asili yao, ni ya kale mno. Huko Rhynie, Uskoti, jiwe lenye umri wa zaidi ya miaka milioni 400 limehifadhi utitiri pamoja na jamaa za buibui zilizokwisha kutoweka, hata mapafu ya jamaa hizo, yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, yanaonekana. Na kupe wamepatikana katika kaharabu ya Myanmar ya miaka milioni 99 hivi. Sandarusi ya mwambao wetu, iliyowatajirisha wafanyabiashara wa Unguja katika karne ya 19, nayo hunasa buibui, ila ni changa sana kwa mizani hiyo. Na mawe ya chokaa ya Mandera yaliumbika chini ya bahari katika zama za kale za Jura, kwa hiyo anayeyavunja hukuta makombe ya viumbe wa majini, si mababu wa papasi.