Picha ya Mgodi wa Zollverein na Ushahidi Wake

Jengo halina ulimi, lakini halikosi la kusema. Katika mji wa Essen, magharibi ya Ujerumani, yapo majengo ya mgodi wa makaa ya mawe yaitwayo Shimo la Kumi na Mbili la Zollverein. Jina lenyewe ni sura ya historia. Zollverein ulikuwa muungano wa forodha ulioanza mwaka 1834, ambao kwao nchi nyingi za Kijerumani ziliondoleana ushuru kabla hazijawa dola moja mwaka 1871. Franz Haniel alipouanzisha mgodi mwaka 1847 aliupa jina la muungano huo.

Shimo la Kumi na Mbili lilianza kazi mwaka 1932. Wasanifu wake, Fritz Schupp na Martin Kremmer, walifuata mtindo mpya wa zama zile: nyumba za miraba, viunzi vya chuma vilivyozibwa kwa matofali, pasi na nakshi. Mbele ya mnara wa kupandishia makaa, wenye urefu wa mita 55, uliachwa uwanja wa heshima ili mgeni auangalie mnara kwa staha. Mgodi uliweza kutoa tani 12,000 za makaa kwa siku. Majengo yale yalijengwa yafanye kazi, na yalijengwa pia yatazamwe.

Mpiga picha Albert Renger-Patzsch, aliyekuwa akikaa Essen, aliyapiga picha katika miaka ya 1930. Katika kazi zake za namna hiyo mistari imenyooka, kivuli kimekaa mahali pake, na watu ni nadra kuonekana. Mtazamaji huweza kudhani kwamba watu waliondolewa ili picha ipendeze. Lakini iko sababu nyingine. Shimo hilo lilikusudiwa kupandisha makaa tu. Wachimbaji walishuka na kupanda kwa mashimo ya zamani. Basi utupu ule haukuwa hila ya mpiga picha. Ulikuwa mpango wa kazi yenyewe. Makaa yalipita mlango wa mbele, watu wakapita wa nyuma.

Mwaka 1931 mwandishi Bertolt Brecht alitoa hoja kwamba picha ya viwanda vya Krupp au AEG haielezi karibu lolote juu ya viwanda hivyo. Zollverein yaipa hoja hiyo nguvu. Shimo la Kumi na Mbili lilipewa jina la Albert Vögler, mkuu wa kampuni ya chuma iliyoumiliki mgodi. Tarehe 20 Februari 1933 Vögler alikuwa miongoni mwa wakuu wa viwanda waliokutana na Hitler mjini Berlin, katika mkutano uliochangisha fedha za uchaguzi wa chama chake. Vita vilipokuja, mateka na watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka nchi nyingine walichimba makaa katika migodi ya Ruhr, na Zollverein haikuepukana na dhambi hiyo. Mwaka 1945 Vögler alijiua alipokamatwa na askari wa Marekani. Matofali hayakubadilika rangi kwa lolote katika hayo.

Je, picha ni shahidi wa uongo? La. Shahidi husema aliloliona, na si kosa lake kutoulizwa zaidi. Picha yaonyesha mnara; hati za malipo, orodha za majina na kumbukumbu za wachimbaji zaeleza nani alikuwa chini yake. Kimoja bila kingine ni nusu ya ushahidi. Asiye na picha hajui fahari iliyowavuta watu. Mwenye picha tu hajui gharama yake.

Uchimbaji ulikoma tarehe 23 Desemba 1986, na tanuri za koki zikazimwa mwaka 1993. Mwaka 2001 UNESCO iliyaweka majengo hayo katika urithi wa dunia. Sasa wageni husimama katika uwanja ule ule wa heshima, wakaelekeza kamera zao kwenye mnara ule ule. Wasanifu waliwachagulia mahali pa kusimama tangu mwaka 1932. Mwenye kutafuta historia hana budi kupiga picha yake, kisha azunguke nyuma, autafute mlango walioingilia watu.