Nasaba ya Saa

Sultani Qaboos bin Said alishika utawala wa Oman mwaka 1970. Miongoni mwa tunu alizowatunukia watu zilikuwamo saa za Rolex zenye nembo ya jambia usoni. Saa hizo hazina mwaka usoni. Umri wake hukisiwa kwa namba iliyochongwa kwenye kasha, kwa saa za zamani chini ya mkanda, upande wa 6, ambapo Mswahili husoma saa kumi na mbili. Mnamo 1987 namba zilianza kutanguliwa na herufi, ya kwanza R. Mnamo 2010 mfuatano ukavunjwa. Hata hivyo, namba hueleza kuzaliwa kwa kasha tu. Aliyetunukiwa, na kwa jambo gani, hujulikana kwa hati na kauli za wazee. Mrithi asiyeviuliza mapema hurithi chuma, hakurithi habari.